Gurudumu Lisilo na Kitovu

Magari mengi yanayoingia kwenye gereji yangu hapa Ngamiani, Tanga, ni Toyota, na Toyota haina maneno mengi. Gurudumu lake lina tundu katikati lililochongwa kwa kipimo. Kwa Corolla nyingi ni milimita 54 na nukta moja, na tundu hilo hukaa juu ya habu pasipo kucheza. Mashine ya balansi imetengenezwa ili iamini tundu hilo. Unalivika gurudumu kwenye shafti, unasukuma koni mpaka ijaze tundu, unakaza, unabonyeza. Gurudumu linazunguka, linasimama, na kioo kinaandika: gramu 20 ndani, gramu 15 nje. Unagonga risasi mbili za kusawazisha ukingoni mwa rimu, na mwenye gari anashika njia yake ya Chumbageni.

Sasa ije Vokswagen Beetle ya mwaka 1963. Ukibandua kile kifuniko cha gurudumu kinachong'aa, huoni sahani ya chuma yenye tundu dogo la katikati. Unaona uwazi mpana, na ndani ya uwazi huo unaliona dramu la breki lenyewe. Bolti tano zimekaa mbali kabisa na kati, kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 205. Walioliunda gari hili waliona kwamba dramu tayari ni kipande kizuri cha chuma, basi gurudumu libebe chuma kingine cha nini hapo katikati? Rimu ikafungwa moja kwa moja kwenye ukingo wa dramu, gurudumu likawa jepesi. Porsche 356 za mwanzo zilikuwa na mtindo huohuo. Ni wazo la akili na mimi nalipenda mpaka leo. Ila koni ya mashine ya balansi, hata ile kubwa kuliko zote sandukuni, huingia kwenye uwazi huo ikatokea upande wa pili bila kugusa kitu.

Hapo mafundi wengi hufanya moja kati ya mambo mawili, na yote mawili yananiudhi. Wa kwanza humwambia mwenye gari kwamba gari la kizamani halibalansiki, akauze chuma chakavu. Wa pili huokoteza sahani ya kushikia gurudumu la gari jingine, akaweka na kipande cha mpira, akakaza hivyohivyo mpaka gurudumu likaacha kulegalega, kisha akabonyeza. Mashine itazunguka na itatoa namba, kwa sababu kazi yake ni kutoa namba. Mwenye gari atalipa. Akifika barabara kuu, usukani utatetema kuliko ulivyotetema jana.

Ninachotaka kukieleza hapa ni kitu kimoja: gurudumu lipimwe kwa pale linaposhikwa na gari. Kama gari linalishika kwa tundu la kati, lipimwe kwa tundu la kati. Kama linalishika kwa bolti, lipimwe kwa bolti. Mengine yote yanayofuata ni namna ya kulitimiza hilo.

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo tuanze na baiskeli, maana kama huna yako, ya jirani ipo. Ipindue isimamie tandiko na usukani, izungushe gurudumu la mbele taratibu, uliache litulie lenyewe. Mara nyingi vali itashuka chini, kwa sababu upande wa vali ndio mzito. Funga kipande cha waya upande ulio mkabala na vali, uongeze na kupunguza, mpaka ifike mahali gurudumu linasimama popote unapoliachia bila kurudi nyuma. Umelibalansi. Hiyo ndiyo balansi ya kusimama, na mtoto wa shule anaiweza.

Kwenye gari uzito huo mdogo hugeuka jambo jingine. Tuseme upande mmoja wa gurudumu la Vokswagen umezidi gramu 30. Gari likisimama, gramu 30 ni gramu 30. Likienda kilomita 100 kwa saa, tairi la kipimo chake huzunguka karibu mara 14 kila sekunde, na zile gramu 30 zilizo ukingoni mwa rimu huvuta kwa nguvu ya kilo 4 na zaidi, mara juu, mara mbele, mara chini, mara nyuma, mizunguko yote 14. Ukipunguza mwendo mpaka 50, nguvu hiyo haishuki nusu. Inashuka mpaka robo, kilo moja hivi. Ndiyo maana mtu anazunguka mjini kutwa asihisi lolote, lakini akitoka kuelekea Segera, kabla hajafika Muheza viganja vimekufa ganzi.

Iko balansi ya pili, ambayo baiskeli iliyopinduliwa haiwezi kuionyesha. Gurudumu pana linaweza kutulia popote unapoliachia, na bado likipata kasi likapepesuka kushoto na kulia. Sababu ni kwamba upande wake wa ndani umezidi uzito juu, na upande wake wa nje umezidi uzito chini. Likiwa limesimama, uzito huu na ule unafutana. Likizunguka, kila mmoja unavuta kwake na gurudumu linapindwa. Hili ndilo mashine inaloligundua, na ndiyo maana hutoa namba mbili, ya ndani na ya nje. Rimu ya inchi 7 ya gari la leo haina namna bila kipimo hicho. Lakini rimu ya Vokswagen yetu ina upana wa inchi 4 tu. Kwa rimu nyembamba namna hiyo, balansi ya kusimama iliyofanywa kwa subira hukufikisha mbali sana, na nitarudi hapo kwa ajili ya walio mbali na mashine.

Mimi jambo hili nililiona kabla sijagusa gari. Marehemu baba alikuwa fundi kwenye kiwanda cha shamba la mkonge upande wa Muheza, na katika kiwanda cha mkonge kila kitu kinaingojea korona, ile mashine ya kuparua majani. Ndani yake kuna ngoma kubwa zenye visu butu, zinazunguka kwa kasi, zinaponda nyama ya jani na kuacha nyuzi. Kisu kimoja kikivunjika, ngoma hupoteza usawa na beringi huanza kulia. Baba hakuwa anabadilisha kisu kimoja. Alitoa kilichovunjika na kile cha mkabala wake, akaenda kuvipima vipya viwili kwenye mizani, akakichonga kizito kwa msasa mpaka vikalingana. Nilikuwa mtoto, nilidhani ni ushupavu wa kizee. Tangu Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge pwani hii mwaka 1893, mashamba yale yametuachia mambo mengi, mengine machungu. Lakini yametuachia pia karakana, leti, na watu wenye mikono inayojua kwamba kitu kinachozunguka hakisamehe.

Ujuzi huo ndio uliomsaidia Mwalimu.

Ni mwalimu mstaafu wa Pangani, na Vokswagen yake aliinunua kwa daktari wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Aliingia gerejini asubuhi, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Gari limepata homa. Likifika themanini linatetemeka kama lina malaria."

Nilimuuliza kama linatetema usukanini au kitini. Usukanini, akasema. Nikamuuliza kama linatetema akikanyaga breki tu. Hapana, wakati wote, ila likizidi tisini linapungua. Maswali haya si ya kupitisha muda. Mtetemo wa usukanini mara nyingi hutoka magurudumu ya mbele, wa kitini hutoka ya nyuma. Mtetemo unaokuja kwenye breki peke yake ni dramu lililokuwa yai. Mtetemo wa mwendo wote, hata wa ishirini, ni tairi lililovimba au rimu iliyopinda. Ule unaokuja kwenye mwendo fulani na kuondoka mwendo ukizidi, huo ndio wa balansi.

Nilipofungua gurudumu la mbele nikaona tayari kuna aliyelishughulikia. Kulikuwa na gramu 90 za risasi ndani na gramu 60 nje, zimejaa ukingoni kama wavu wa kuvulia. Gurudumu la mbele la pili hali kadhalika. "Wamelipima kwa mashine kabisa," Mwalimu aliniambia, "niliona namba mwenyewe." Namba alizoziona zilikuwa za kweli. Tufanye hesabu kidogo. Gurudumu na tairi lake, tuseme kilo 15. Ukilifunga kwenye mashine nusu milimita nje ya kati, yaani unene wa karatasi tano za daftari, mashine itaona kosa la gramu 40 hivi ukingoni mwa rimu. Ukilifunga milimita moja na nusu nje, itaona gramu 120. Kosa hilo halimo ndani ya gurudumu, limo kwenye ufungaji. Fundi akiligongea risasi, amechukua gurudumu lililokuwa karibu na uzima na kulipa ugonjwa halali, kwa sababu likirudi kwenye dramu lake litakaa katikati barabara, na zile gramu 120 zitabaki hazina kitu cha kusawazisha.

Viwandani Ulaya hutengenezwa sahani maalumu za kushika magurudumu ya namna hii, zenye mikono inayosogezwa kufuata bolti. Wafaransa wana zao tangu zamani, maana baadhi ya Citroën na Renault za kale zina magurudumu ambayo hayana tundu la kati kabisa. Bei yake kwa gereji ya hapa haishikiki. Lakini Vokswagen imetupa sahani bila kujua: dramu lake bovu.

Nilikuwa nalo moja la mbele, limekwisha upande wa ndani hata viatu vya breki havilifai, ila uso wake na matundu matano ya bolti ni mazima. Nikalipeleka kwa mkerezaji mmoja mkongwe, mtu aliyejifunza kazi kwenye karakana ya reli. Hakuanza kutoboa. Alilifunga kwenye leti, akaweka geji ya saa pale beringi zinapokaa, akalizungusha kwa mkono, akawa analigonga kidogokidogo mpaka mshale wa geji ukaacha kucheza. Alifanya hivyo kwa sababu gari lenyewe huzungusha gurudumu kwa kufuata beringi hizo, na bolti zote tano zilipigwa kiwandani kwa kuzifuata. Mshale ulipotulia ndipo akachimba tundu la milimita 40, kipimo cha shafti ya mashine yangu. Kazi ya kutafuta kati ilichukua muda mrefu kuliko ya kutoboa, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Tulipolirudisha, tulilizungusha kwanza peke yake, tupu. Dramu lenyewe lilikuwa na upande mzito. Tukalichomoa chuma kwa kekee mahali pazito mpaka mashine ikaandika sifuri. Kisha ndipo gurudumu la Mwalimu, likiwa limevuliwa risasi zote na kusuguliwa, likafungwa kwa bolti zake tano. Bolti za Vokswagen zina kalio la mviringo, si la koni kama nati za magari mengine, kwa hiyo usizichanganye. Hukazwa kidogokidogo kwa mkabala, moja huku, nyingine kule, ili rimu itafute kati yake yenyewe kabla haijabanwa.

Mashine ikatoa gramu 20 ndani na 10 nje. Lakini sikuiamini papo hapo, na wewe usimwamini fundi anayeiamini papo hapo. Uko mtihani mmoja rahisi ambao kila mwenye gari anaweza kuudai. Gurudumu likishabalansiwa na mashine ikaandika sifuri, lifunguliwe, lizungushwe nusu duara juu ya ile sahani, lifungwe tena, lipimwe tena. Kwa bolti tano nusu duara kamili haipatikani, basi lisogezwe matundu mawili. Kama limeshikwa katikati, mashine itaandika sifuri tena au gramu chache. Kama limeshikwa kombo, kosa litajitokeza karibu mara mbili, kwa sababu risasi ulizoweka kuficha kombo sasa ziko upande uleule wa kombo. La Mwalimu liliandika gramu 5. Tukayafanya na mengine matatu, tukalitoa gari kulijaribu barabara ya Horohoro, ambako lami imenyooka. Themanini, tisini, mia. Mwalimu aliachia usukani kidogo, akaushika tena, akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe injini yangu inasikika."

Vijana wangu huniuliza kwa nini tunajisumbua na magari haya ilhali Toyota ziko foleni. Nawaambia watazame yametoka wapi. Mbio za magari za Safari zilipoanza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yaliyoshindana yalikuwa ya dukani, ya watu. Vokswagen ilishinda mwaka 1954, ikashinda 1957, na mwaka 1962 ikashinda tena ikiendeshwa na Tommy Fjastad. Baadaye ikaja zamu ya Peugeot 404: 1963, 1966, 1967, 1968. Mara mbili za katikati aliyekuwa kwenye usukani ni Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pembeni yake Chris Rothwell. Mwaka 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Gari lililostahimili matope ya namna ile, likaletwa huku likabeba wagonjwa, walimu na watoto kwa miaka sitini, si haki lifie kwenye ua wa mtu kwa sababu fundi hana sahani ya kulishika.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, watu wa Pangani hawakuwa na shida ya balansi. Barabara ilikuwa ya vumbi na mawe. Gari zima lilitetema, nani angejua gurudumu linatetema kivyake? Mradi wa lami wa Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo unaibadilisha hali hiyo. Kila kipande cha lami kinachokamilika kinatuletea wateja wanaosema gari limeharibika ghafla. Halijaharibika ghafla. Sasa tu ndipo barabara imenyamaza, na gurudumu linasikika.

Walio mbali na mashine nao wasikate tamaa. Mwenye Vokswagen ya mashimo matano ana chombo cha kupimia tayari mbele ya gari lake: habu ya gurudumu la mbele la kulia. Nasema la kulia kwa sababu la kushoto ndilo linalozungusha waya wa spidomita, unaopita katikati ya habu, na waya huo utalizuia kidogo. Piga jeki, weka gogo chini kwa usalama, legeza viatu vya breki mpaka visiguse dramu kabisa. Safisha beringi, uzipake mafuta mepesi badala ya grisi nzito, ulegeze nati yake kiasi ili habu izunguke kwa pumzi tu. Kwanza libalansi dramu tupu kwa sumaku au udongo wa kufinyangia. Kisha funga gurudumu, uliache litulie. Panapokuwa juu ndipo pepesi, piga chaki. Bandika risasi hapo, gawanya nusu ndani na nusu nje ya rimu, ulizungushe tena. Rudia mpaka liwe linasimama popote. Ukimaliza yote manne kwenye habu hiyohiyo moja, rudisha grisi na ukaze beringi na breki kama zilivyokuwa. Hili usilisahau, maana gari lisilotetema na lisiloshika breki halina faida. Fanya kazi hii alfajiri kabla upepo wa bahari haujaanza, kwani upepo mdogo tu hulizungusha gurudumu lililolegezwa vizuri.

Land Rover za zamani, zile 109 na ndugu zake fupi zilizozagaa kwenye mashamba ya mkonge, zina tatizo la aina nyingine. Bolti zake tano ziko kwenye duara la milimita 165, na tundu la kati lipo, koni kubwa inalifikia. Ila litazame kwa karibu. Chumvi ya pwani hii imelila miaka arobaini, na kutu haili sawasawa pande zote. Koni ikijikita hapo inajikita kwenye kutu. Kwa hiyo nayo naipima kwa bolti, kwenye sahani iliyotobolewa matundu matano kwa kipimo chake. Na kabla ya kuipima naikagua rimu yenyewe. Naizungusha nikiwa nimeshikilia chaki karibu na ukingo, na chaki inachora pale tu ukingo unapotokeza. Ikitokeza zaidi ya milimita moja na nusu, rimu inakwenda kunyooshwa kwanza. Mtu anayeligongea risasi gurudumu lililopinda anapoteza risasi.

Tena tope. Wakati wa masika nusu ya Land Rover zinazokuja kwa balansi hazihitaji balansi, zinahitaji maji. Tope la mfinyanzi linajibandika ndani ya rimu, linakauka, na kilo nzima inabaki upande mmoja. Naosha kwanza, namwambia mwenye gari aende akazunguke. Akirudi akiwa anatabasamu, sichukui pesa.

Kombi za Vokswagen nazo zinachanganya watu, kwa sababu kwa macho zinafanana. Zilizotengenezwa hadi 1970 zina duara lile la milimita 205, na baadaye zikahamia 112. Beetle nyingi kuanzia toleo la 1968 zina matundu manne kwenye duara la 130, na hizo zina tundu la kati ambalo koni inaliweza. MG na Jaguar zenye magurudumu ya spoku, zinazofungwa kwa nati moja kubwa ya kugongwa kwa nyundo, zinashikwa kwa miteremko miwili, mmoja ndani na mmoja nje, na yote miwili lazima ishikwe kwenye mashine. Koni moja haitoshi. Citroën DS ilipotoka mwaka 1955 kila gurudumu lilishikwa na bolti moja tu ya katikati. Hilo sijapata kulifunga kwa mkono wangu, na ningependa.

Kuhusu risasi zenyewe nina neno. Ulaya ilizipiga marufuku kwenye magari mapya mwaka 2005, na sasa hutumia zinki au chuma, kwa sababu risasi ni sumu. Huku bado zipo nyingi. Wavuvi wa Sahare huja kwangu kuomba zilizotoka ili wayeyushe chubwi za mishipi. Zamani niliwapa bila neno. Siku hizi nawapa zilizo nzima, na nawaambia zifungwe kwa waya kama zilivyo, zisiyeyushwe jikoni penye watoto, maana sumu ya moshi wake huingia mwilini na haitoki upesi. Vijana wangu nawataka wanawe mikono kabla ya kula chapati. Wananiona msumbufu.

Ukitaka kuja na gari la zamani, njoo na mambo haya. Njoo na bolti au nati zake zote, za asili, kwa sababu ndizo zinazoliweka gurudumu katikati. Tazama ubavu wa tairi, utafute namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2309, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009, na hata kama kashata zake ni ndefu mpira umekwisha kuwa mgumu. Sitalibalansi, nitakuomba ulibadilishe. Kama tairi ni jipya na lina nukta ya njano ubavuni, mwambie fundi anayelivisha aiweke sawa na vali, kwa kuwa nukta hiyo ni alama ya upande mwepesi wa tairi na vali ni upande mzito. Gari lililokaa bandani miezi mingi liendeshe kwanza kilomita ishirini hivi kabla ya kulileta, ili tairi lililobonyea kwa kusimama lirudi kwenye mviringo wake. Na kama una dramu bovu la Kombi ya kabla ya 1971, usilitupe. Lete, tutazame kama matundu yake bado ni mazima.